Karikó, Lowry na muhogo: manukuu yanahesabu nini hasa?

Kwenye ukuta wa chumba cha mikutano, projekta ilionyesha ukurasa wa mhadhiri aliyeomba kupandishwa cheo, kwenye Google Scholar, tovuti inayokusanya makala za kitaaluma. Upande wa kulia kulikuwa na lile jedwali dogo tunalolijua wote: jumla ya manukuu, yaani mara ambazo makala zake zimetajwa katika makala nyingine, kisha herufi h, kisha grafu ya vinguzo vya kijivu. Mbele ya h palikuwa na 9. Mjumbe mmoja, profesa wa fani nyingine kabisa, alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akauliza: "Tisa tu? Miaka kumi na minne yote hiyo maabara?" Faili la mwombaji, lenye nakala za makala zake zote, lilikuwa mezani limefungwa kwa kamba ya kijani. Chai ililetwa, ikanywewa, vikombe vikaondolewa, na kamba bado imefungwa.

Nilikuwa mjumbe mwalikwa kutoka nje ya chuo hicho, ambacho sitakitaja. Nakiri kwamba hata mimi, niliyekula chumvi nyingi kwenye benchi za baiolojia ya molekuli, sikuigusa ile kamba. Tarakimu ukutani ilikuwa imeshatusemea.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kikao kama kile kingemfanyia nini Katalin Karikó, lau faili lake lingeletwa mezani mwaka 2006. Bahati mbaya si swali la kubahatisha, maana vikao vya aina hiyo vilimfikia kweli, tena mapema zaidi ya hapo.

Karikó ni binti wa mchinja nyama wa Hungaria. Mwaka 1985, fedha za utafiti wake katika mji wa Szeged zilipokatwa, alihamia Philadelphia na mumewe na mtoto wao wa miaka miwili, akiba yao ya paundi mia tisa ikiwa imeshonewa ndani ya dubu wa kuchezea wa mtoto, kwa sababu sheria za nchi yao hazikuruhusu kutoka na fedha nyingi. Kichwani alikuwa na wazo moja ambalo hakuliacha: RNA mjumbe. Hii ni ile molekuli inayobeba maagizo ya jeni hadi mahali protini zinapoundwa. Ukiweza kuitengeneza maabara na kuiingiza ndani ya seli, unaupa mwili karatasi ya kazi na mwili wenyewe unaunda dawa au chanjo. Tatizo likawa kwamba RNA iliyotengenezwa maabara ilipoingizwa mwilini, kinga iliikimbilia kama imeona kirusi. Seli ziliwaka moto wa uvimbe, na panya wakaugua.

Mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimshusha cheo. Hoja haikuwa kwamba amekosea jambo. Hoja ilikuwa kwamba maombi yake ya ruzuku yanarudi yakiwa yamekataliwa, na mtafiti asiyeleta ruzuku kule hana kiti. Akakubali cheo kidogo na mshahara mdogo, akabaki. Miaka michache baadaye, kwenye mashine ya fotokopi, alianza kuzungumza na daktari wa kinga aliyekuwa mgeni hapo, Drew Weissman. Wote wawili walikuwa wasomaji wa majarida wenye njaa, na enzi hizo ukitaka makala ulipanga foleni ukaitoa nakala.

Walichogundua kinaelezeka kwa maneno machache. RNA ya asili ndani ya seli zetu haijajengwa kwa herufi nne tupu. Baadhi ya herufi zimefanyiwa marekebisho madogo ya kikemia. RNA ya maabara haina marekebisho hayo, na kwa alama hiyo walinzi wa kinga huitambua kuwa ngeni. Karikó na Weissman walipoondoa herufi moja, uridini, na kuweka ndugu yake aitwaye pseudouridini, walinzi wakanyamaza. Makala ilitoka katika jarida la Immunity mwezi Agosti 2005, waandishi wanne, jina la Karikó likiwa la kwanza. Kabla ya hapo, kwa maelezo ya Karikó mwenyewe, wale wa jarida la Nature walikuwa wameikataa haraka wakiiona ni nyongeza ndogo tu juu ya yaliyokwisha kujulikana.

Weissman amewahi kusimulia kwamba alimwambia mwenzake ajiandae, simu zitaita bila kupumzika. Hazikuita.

Mwaka 2013 Karikó aliondoka Pennsylvania kwenda BioNTech, kampuni ya Ujerumani ambayo wakati huo watu wengi nje ya fani hawakuwa wamewahi kuisikia. Tarehe 8 Desemba 2020 chanjo ya BioNTech na Pfizer ilianza kudungwa kwa umma Uingereza, ikiwa na RNA ambayo uridini yake imebadilishwa kwa kizazi cha baadaye cha kemia ile ile. Tarehe 2 Oktoba 2023 yeye na Weissman wakatangazwa washindi wa Nobeli ya tiba. Leo makala ya 2005 ina manukuu ya maelfu. Hakuna sentensi iliyobadilishwa ndani yake tangu siku ilipochapwa, na majaribio ni yale yale. Kilichobadilika ni watu waliokuja baadaye kuihitaji.

Anayetaka kupima uzito wa ugunduzi ule bila kugusa manukuu aitazame CureVac, kampuni nyingine ya Ujerumani iliyoamini kwamba RNA isiyobadilishwa ingetosha. Mwaka 2021 chanjo yake ya kwanza ya korona ilionyesha kinga ya asilimia 48 tu. Virusi vilivyokuwa vikijigeuza vilichangia, na kipimo cha dawa kilikuwa kidogo, wala sitaki kuifanya hadithi iwe nyepesi kuliko ilivyo. Lakini wajuzi wengi walielekeza kidole kwenye ile uridini. Ushahidi wa namna hiyo hauonekani kwenye grafu ya vinguzo vya kijivu.

Sasa tuupande mlima kutoka upande wa pili. Makala iliyonukuliwa kuliko zote katika historia ya sayansi ni ipi? Wengi hukisia Einstein, au ile ya Watson na Crick ya 1953 kuhusu umbo la DNA. Jibu ni makala ya 1951 ya Oliver Lowry na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, iliyotoka katika Journal of Biological Chemistry. Inaeleza namna ya kupima kiasi cha protini kwenye maji. Nature ilipofanya hesabu mwaka 2014, makala hiyo ilikuwa imepita manukuu 305,000. Ya Watson na Crick ilikuwa na karibu 5,200, wala haikuingia kwenye mia bora.

Aliyewahi kushika mrija wa maabara hashangai. Unasaga ini la panya au jani la mchicha, unalizungusha kwenye mashine, unabaki na maji yenye ukungu. Kabla ya kufanya lolote la maana lazima ujue yana protini kiasi gani. Unaweka myeyusho wa shaba wenye alkali, unasubiri dakika kumi, unatia kitendanishi cha Folin, unasubiri nusu saa, maji yanageuka bluu. Bluu ikiwa nzito, protini ni nyingi. Kisha ukiandika makala yako, kwenye sehemu ya mbinu unaweka sentensi moja: protini ilipimwa kwa njia ya Lowry. Hiyo ni nukuu moja. Zidisha kwa kila maabara, kila nchi, kila mwaka kwa miaka sitini.

Lowry mwenyewe hakujidanganya. Aliwahi kuandika kwamba njia yake ilitokea tu kuwa nzuri kidogo au rahisi kidogo kuliko nyingine, na kwamba karibu kila mtu hupima protini. Katika barua nyingine alikiri kwamba anajua si makala kubwa, ingawa kimoyomoyo inamfurahisha. Kazi ya ustadi wake hasa ilikuwa nyingine: kupima kemia ya ubongo seli moja moja, kwa mizani aliyoibuni mwenyewe kwa uzi mwembamba wa madini ya kwatzi (quartz) uliopinda kama fimbo ya ndoana. Ni wachache waliofika huko, kwa hiyo ni wachache waliomnukuu kwa hilo.

Waliomfuata kileleni ni wa ukoo ule ule. Wa pili ni Laemmli, 1970, kutenganisha protini kwenye jeli. Wa tatu ni Marion Bradford, 1976, kupima protini kwa rangi ya Coomassie. Hapa nichepuke kidogo. Rangi hiyo asili yake ni ya kutia kwenye nguo za sufu, na jina lake ni Kumasi, ule mji wa Waashanti uliotekwa na Waingereza, likapachikwa kama nembo ya biashara. Kila siku, maabara zote za dunia, watu humimina jina la mji wa Afrika kwenye mirija bila kujua. Kumasi haipati nukuu hata moja.

Wale wa Nature walitumia mfano ambao kwetu hauhitaji kufasiriwa. Walisema ukichapa ukurasa wa kwanza tu wa kila andiko lililomo kwenye hifadhidata ya Web of Science, ambayo wakati huo ilikuwa na maandiko milioni 58, na kupanga karatasi hizo moja juu ya nyingine, rundo lingekaribia kilele cha Kilimanjaro. Makala mia bora ni sentimita moja ya juu kabisa. Zenye manukuu zaidi ya elfu moja ni kama mita moja na nusu. Na karibu nusu ya mlima mzima, kuanzia huku chini kwenye migomba na kahawa, ni maandiko yaliyonukuliwa mara moja au hayakunukuliwa kabisa. Mhadhiri wetu mwenye tisa yake, basi, hakuwa kwenye migomba. Alikuwa ameshapita msituni na kwenda juu, ila mle chumbani hakuna aliyejua mlima una umbo gani.

Na hii h yenyewe ni kitu gani? Mwaka 2005 mwanafizikia wa California, Jorge Hirsch, alipendekeza kanuni rahisi. Zipange makala za mtu kuanzia iliyonukuliwa zaidi. Ukikuta makala tisa zenye angalau manukuu tisa kila moja, lakini huna kumi zenye kumi, h ni 9. Umeona mwaka? Ni mwaka ule ule makala ya Karikó ilipotoka. Kanuni ya kuwapima watafiti ilisambaa duniani ndani ya miezi, kila mtu akaitaka. Ugunduzi ambao ungekuja kuwasaidia mamilioni ulikaa kwenye rafu.

Kanuni hiyo ina tabia zake. Chukulia mtu ameandika makala moja tu maishani, ile ya Bradford, yenye manukuu laki moja na nusu. H yake ni 1. Haishuki kamwe, hata ukiacha kazi, hata ukifa. Hupanda kwa umri, kwa hiyo mzee mvivu humshinda kijana hodari. Tena haijali jina lako limekaa wapi kwenye orodha. Katika baiolojia ya molekuli jina la kwanza ni la aliyekesha maabara, la mwisho ni la mwenye maabara na ruzuku, na katikati wamo wote waliosaidia, kuanzia aliyefanya nusu ya kazi hadi aliyetoa sampuli tu. Kwa h, wote ni sawa. Zipo makala za afya ya dunia zenye waandishi mamia. Ukiingia kwenye orodha ya namna hiyo mara mia kwa kutoa takwimu za wilaya yako, unatoka na h ambayo Frederick Sanger angeionea wivu. Huyo Sanger alipata Nobeli ya kemia mara mbili, 1958 na 1980, akiwa mtu wa kuchapisha kidogo, na alikiri kwamba kati ya insulini na mafanikio yaliyofuata alipitia miaka mingi isiyo na mavuno ya kutajika. Cambridge ilimwacha aendelee. Sijui ni chuo gani chetu kingemvumilia hata miaka mitatu.

Lakini kasoro ninayotaka kuikazia ni nyingine, nayo inatuhusu sisi kuliko Cambridge. Manukuu huhesabu maabara. Hayahesabu sahani.

Mwombaji wetu anashughulika na virusi vya muhogo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia uliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, akiwa kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara. Mkulima wa Mkuranga au Newala hahitaji kuambiwa ni nini. Shamba linapendeza, majani yamesimama, pengine yana umanjano kidogo. Siku ya kung'oa, unakata muhogo na ndani umekauka madoa ya kahawia kama kizibo cha chupa. Hauliwi, hauuziki, hata kuusaga hauwezekani. Kwa miongo mingi wataalamu waliamini ni balaa la ukanda wa chini, pwani na kandokando ya Ziwa Nyasa. Karibu 2004 ukalipuka Uganda, kwenye miinuko, ukasambaa kuzunguka maziwa makuu. Ndipo fedha za utafiti zilipoanza kuja kwa wingi, na kituo cha Mikocheni, Dar es Salaam, kikawa miongoni mwa mahali ambapo virusi hivyo vilichunguzwa kwa mbinu za molekuli.

Sasa fikiria nani atamnukuu mtu wa muhogo. Maabara zinazofanya kazi hiyo duniani unaweza kuzitaja kwa majina na usimalize kikombe cha kahawa. Mwenzake anayechunguza protini moja ya saratani ya matiti ana wasomaji maelfu, kila mmoja anaandika, kila mmoja ananukuu. Huyu akifanya kazi ya kawaida kabisa, h yake itafika 30 bila jasho. Yule wa muhogo akifanya kazi nzuri kupindukia, wote wanaoweza kumnukuu wakimnukuu, bado atakuwa na tisa. Watu wanaokula muhogo kila siku ni mamia ya milioni, lakini hawaandiki makala.

Kuna mfano mwingine wa jirani. Aprili 1947, watafiti wa homa ya manjano wa Entebbe walikuwa wamewaweka nyani wa rhesus kwenye vizimba juu ya miti, msitu wa Zika. Mmoja wao, namba 766, alishikwa na homa. Damu yake ikatoa kirusi kisichojulikana. Dick, Kitchen na Haddow wakakieleza mwaka 1952 katika jarida la magonjwa ya nchi za joto, na makala ikalala usingizi wa pono kwa zaidi ya nusu karne. Kisha watoto wakaanza kuzaliwa Brazili wakiwa na vichwa vidogo, na Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura. Ghafla kila aliyeandika juu ya Zika, na walioandika walikuwa wengi, alianza aya yake ya kwanza kwa Dick, Kitchen na Haddow. Ukiwapima watu hao kwa manukuu ya mwaka 1970, ni maafisa wa koloni waliopoteza muda porini. Ukiwapima kwa ya 2017, ni vigogo. Kikao cha kupandisha vyeo hukaa mwaka gani?

Najua jibu atakalonipa profesa wa miwani, na si jibu la kupuuzwa. Atasema: tukiacha namba, tunarudi kwenye kujuana. Kweli. Vyuo vyetu vimeteseka na undugunaizesheni, cheo kinatoka kwa sababu mtu alisoma na mkuu wa idara, au ni wa nyumbani, au haulizi maswali kikaoni. Namba iliingia kama mkombozi. Mhadhiri asiye na mjomba aliweza kuweka karatasi mezani na kusema hesabuni. Nimewaona waliookolewa hivyo na siwezi kuwaambia waliota.

Ila mkombozi huyo naye ameshajifunza mila za nyumbani. Wapo wanaonukuliana kwa zamu kama kikundi cha upatu. Wapo wahariri wanaokurudishia makala na ombi la upole kwamba ungeongeza marejeo matano, yote ya jarida lao. Kwenye barua pepe yangu asubuhi ya leo kuna mwaliko unaoanza "Mheshimiwa Profesa Mashuhuri", ukinitaka niandike kwenye jarida la kimataifa la upasuaji wa meno. Mapitio ya kitaalamu ni siku tano, ada ni dola, na nambari ya kulipia imewekwa chini kabisa. Sijawahi kugusa jino la mtu. Mwenye haraka ya kufikisha alama za cheo hulipa, na jina lake huonekana, na mashine ya Google Scholar haina pua ya kunusa uozo. Hukusanya chochote chenye umbo la makala. Aliyeiweka namba ili kukwepa upendeleo ameipa pia bei.

Eugene Garfield, aliyeanzisha faharisi ya manukuu ya sayansi mwaka 1964, hakuijenga kwa ajili ya vikao hivi. Aliiga faharisi ya wanasheria wa Marekani, ambayo wakili huitumia kuangalia kama hukumu anayotaka kuitegemea imeshapinduliwa na hukumu nyingine. Kilikuwa chombo cha kutafutia: hii makala, nani aliichukua, akaipeleka wapi, nani akaipinga? Na ukikitumia hivyo ni chombo kizuri ajabu. Kinaweza kukuonyesha kwamba makala ya 1998 ya Andrew Wakefield kuhusu chanjo na usonji, iliyofutwa na jarida la The Lancet mwaka 2010, ina manukuu mengi sana, na mengi yanaitaja ili kuisuta. Lakini ili ulijue hilo lazima ufungue anayenukuu, usome sentensi yenyewe. Kwenye jumla, anayesifu na anayesuta wote ni moja.

Walioanza kuchoka na namba hizi ni watu wa kule kule zilikotengenezwa. Desemba 2012, kwenye mkutano wa wanabaiolojia wa seli mjini San Francisco, liliandikwa tamko la kuzitaka taasisi ziache kutumia hadhi ya jarida kama kipimo cha mtafiti. Mwaka uliofuata mwanabaiolojia Randy Schekman, akienda kupokea Nobeli, akatangaza kwamba maabara yake haitapeleka tena makala kwenye majarida matatu ya kifahari. Baadhi ya wafadhili wa Ulaya na Marekani leo wanamtaka mwombaji alete kazi chache alizozichagua mwenyewe na aeleze kila moja ilibadilisha nini. Sisi ndio kwanza tunaandikiana waraka kwamba kila mhadhiri afungue ukurasa wa Google Scholar kabla ya mwisho wa mwezi, ili chuo kipande kwenye orodha za ubora. Mtumba huu tumeununua msimu wake ukiisha.

Sitasema kwamba kusoma kungemwokoa Karikó. Walioikataa makala yake waliisoma, na walioyakataa maombi yake ya ruzuku waliyasoma pia, pengine kwa makini. Wasomaji hukosea. Tofauti ninayoiona ni kwamba aliyesoma akakosea ameacha sababu, na sababu hujibiwa. Unaweza kumwandikia: bwana, umesema hii ni nyongeza ndogo, tazama kielelezo cha tatu. Namba tisa haina kielelezo cha tatu. Haijasema kwa nini, kwa hiyo huna pa kuishika.

Chai ilipokwisha siku ile, mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno. Nikasema ningependa tuifungue kamba. Pakawa na ukimya mfupi, ule wa watu wanaofikiria foleni ya jioni barabarani. Katibu akalifungua faili. Makala ya juu kabisa ilikuwa ya njia ya kugundua virusi vya michirizi ndani ya pingili kabla hazijagawiwa kwa wakulima kama mbegu; jina lake lilikuwa la kwanza, na waandishi walikuwa wawili tu, yeye na mwanafunzi. Profesa wa miwani alisoma muhtasari, akageuza ukurasa, akauliza swali ambalo sikulitegemea kutoka kwake: "Hizi pingili, zinapimwa zikiwa bado shambani?"

Hakuna aliyeweza kumjibu. Kikao kiliahirishwa. Kila mjumbe alipewa nakala za makala tatu alizozichagua mwombaji mwenyewe, na siku kumi za kuzisoma. Siku kumi zimepita juzi. Tuko wajumbe saba, na katibu ananiambia maoni yaliyorudi hadi sasa ni mawili, langu na la profesa wa miwani, ambaye ameambatanisha kurasa nne za maswali kuhusu muhogo.